HMIS Bengal na meli mbili za Kijapani: uchambuzi wa mapigano ya tarehe 11 Novemba 1942

Muda mfupi kabla ya saa sita mchana, tarehe 11 Novemba 1942, walinzi wa zamu katika meli ndogo ya Jeshi la Wanamaji la India waliona meli ngeni ikichomoza kwenye upeo wa bahari, na haikupita muda wakaona ya pili ikiifuata. Mahali penyewe palikuwa katikati ya Bahari ya Hindi, takriban maili 500 za baharini kusini-magharibi ya Visiwa vya Cocos, mbali na bandari yoyote na mbali na manowari yoyote ambayo ingeweza kuja kusaidia. Meli hiyo ndogo iliitwa HMIS Bengal. Ilikuwa meli ya kufagia mabomu ya baharini, ilikuwa na miezi mitatu tu tangu ianze utumishi, na ilikuwa ikiisindikiza meli ya mafuta ya Kiholanzi iliyoitwa Ondina. Meli ngeni zilikuwa Hokoku Maru na Aikoku Maru, meli za abiria na mizigo ambazo Wajapani walikuwa wamezigeuza kuwa meli za kuwinda meli za biashara, kila moja ikiwa na ukubwa wa zaidi ya tani 10,000. Kabla ya jua kutua, Hokoku Maru ilikuwa imekwenda chini, na meli tatu zilizobaki zilikuwa zimetawanyika, mbili kati yake zikiamini kwamba ya tatu nayo imezama. Hiyo ya tatu, Ondina, ilikuwa bado inaelea.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mdogo aliyemwangusha mkubwa, na katika masimulizi ya namna hiyo Bengal hupewa sifa zote au hunyimwa zote, kutegemea msimulizi anatoka upande gani. Mimi naona kinastahili kupimwa uamuzi kwa uamuzi, kwa kuangalia kila nahodha alijua nini wakati ule alipotoa amri. Kikipimwa hivyo, mchango mkubwa wa Bengal unaonekana katika dakika za mwanzo kabisa, pale ilipogeuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, na kuelekea kwa adui. Na kosa lake kubwa halikuwa kuondoka vitani, kama wengine walivyodai, bali taarifa iliyotolewa baada ya kuondoka.

Inafaa kwanza kuifahamu meli yenyewe. Bengal ilikuwa ya aina iliyoitwa Bathurst, ambayo Australia iliibuni mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuijenga kwa wingi wakati wa vita, jumla meli 60. Nyingi zilitumiwa na mabaharia wa Australia, na nne zilijengwa kwa ajili ya India, yaani Bengal, Bombay, Madras na Punjab. Zilikuwa na urefu wa mita 57 hivi na mwendo wa takriban maili 15 za baharini kwa saa, na injini zake za mvuke zilikuwa za aina ambayo mafundi wa meli za kawaida za mizigo waliifahamu vizuri. Rasmi ziliitwa meli za kufagia mabomu, lakini tangu mwanzo zilikusudiwa pia kuwinda nyambizi na kusindikiza misafara. Umuhimu wake ulikwisha kuonekana Novemba 1940, pale mabomu yaliyotegwa na Wajerumani kusini mwa Australia yalipozamisha meli mbili, Cambridge na City of Rayville, moja baada ya nyingine katika muda wa siku mbili.

Kazi ya kufagia mabomu haina mbwembwe, na anayeisoma vitabuni anaweza kudhani ni kazi nyepesi. Meli hukokota kutoka shetri, yaani sehemu yake ya nyuma, waya mrefu wa chuma uliosokotwa kwa namna inayoufanya ukwaruze kama msumeno. Mwisho wa waya huo kuna boya linaloelea, na chini ya maji kuna fremu nzito ambazo, meli inapokwenda, husukumwa na maji na kuuvuta waya nje upande wa meli, nyingine zikiuzuia usipande wala kushuka kupita kina kilichokusudiwa. Bomu la baharini la aina ya kale huelea chini kidogo ya uso wa maji, likiwa limefungwa kwa kamba ya chuma kwenye nanga iliyolala sakafuni mwa bahari. Waya wa meli ukiikuta kamba hiyo huikwaruza au huikata kwa visu vilivyofungwa juu yake, bomu huibuka juu, na mabaharia waliosimama kwenye sitaha hulipiga kwa bunduki mpaka lizame au lilipuke. Meli lazima iende mstari ulionyooka kwa mwendo uleule, saa baada ya saa, kisha igeuke na kurudia kando ya njia ileile, kwa sababu kipande kidogo kisichofagiwa kinatosha kuua watu. Kwa hiyo, meli ya namna hii hujengwa ndogo, yenye kina kifupi, yenye winchi kubwa nyuma na nafasi ndogo sana ya silaha.

Nafasi hiyo ndogo ya silaha ndiyo inayoufanya mkasa wa Bengal kuwa wa ajabu. Meli za aina ya Bathurst zilipangiwa kubeba mzinga mmoja wa milimita 102 upande wa mbele, lakini Bengal ilipoondoka Australia ilikuwa na mzinga mdogo zaidi, wa milimita 76, pamoja na mizinga midogo ya kutungulia ndege. Kombora la mzinga wa milimita 76 lilikuwa na uzito usiofika kilo 6, kiasi ambacho mtu mzima hukibeba kwa mkono mmoja. Kombora la mizinga ya milimita 140 iliyofungwa kwenye meli za Kijapani lilikuwa na uzito wa kilo 38, na kila moja ya meli hizo ilikuwa na mizinga kadhaa ya namna hiyo, pamoja na topido, yaani makombora yanayokwenda chini ya maji. Mwendo wao nao ulizidi maili 20 za baharini kwa saa. Kwa hesabu ya silaha na mwendo, maji yalikuwa yamezidi unga tangu dakika ile adui alipotambuliwa.

Mabaharia wa Bengal wengi walikuwa Wahindi, chini ya amri ya Luteni Kamanda William Joseph Wilson wa akiba ya Jeshi la Wanamaji la India. Meli ilishushwa majini mwezi Mei 1942 katika gati la Cockatoo mjini Sydney na kuanza utumishi rasmi mwezi Agosti mwaka huohuo. Safari hii ilikuwa hasa ya kuipeleka meli mpya kwenye eneo lake la kazi, na njiani ikapewa mzigo wa kuisindikiza Ondina kutoka Fremantle, magharibi mwa Australia, kwenda kisiwa cha Diego Garcia katikati ya Bahari ya Hindi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wasimulizi wengi hulipita haraka. Watu hawa hawakuwa na mwaka mzima wa kuzoeana. Namna wanavyopokezana makombora na namna ofisa anavyopaza sauti kelele za mzinga zinapozidi ni mambo ambayo walikuwa wameyafanyia mazoezi kwa wiki chache tu.

Kwa nini basi meli ya mafuta ilipelekwa katikati ya bahari ile na msindikizaji mmoja mdogo? Jibu liko katika hali ya Bahari ya Hindi mwaka 1942, na hapa kisa kinagusa pwani yetu moja kwa moja. Mwezi Aprili mwaka huo, ndege za Kijapani kutoka meli za kubebea ndege zilipiga Colombo na Trincomalee, bandari za Ceylon (Sri Lanka ya leo), zikazamisha meli ya kubebea ndege ya Hermes na manowari mbili kubwa za Kiingereza, Dorsetshire na Cornwall. Baada ya pigo hilo Waingereza waliona Ceylon si mahali salama pa kuweka kundi lao la mashariki la manowari, wakahamishia makao Kilindini, Mombasa. Hata wataalamu wao wa kusikiliza redio za Kijapani na kufumbua maandishi ya siri walihamia Mombasa na kufanyia kazi katika jengo la shule ya Allidina Visram. Miezi iliyofuata vita vikasogea karibu zaidi. Mwisho wa mwezi Mei nyambizi za Kijapani zilishambulia bandari ya Diego Suarez huko Madagaska na kuipiga topido manowari kubwa ya Ramillies, kisha zikageukia Mlango wa Msumbiji, ambako katika muda wa wiki chache zilizamisha zaidi ya meli 20 za biashara.

Nyambizi haziwezi kukaa mbali na kwao muda mrefu namna hiyo bila mtu wa kuzilisha mafuta, chakula na topido, na waliofanya kazi hiyo ndio hao Hokoku Maru na Aikoku Maru. Zenyewe pia ziliwinda. Mwezi Mei ziliiteka meli ya mafuta ya Kiholanzi iliyoitwa Genota, mwezi Juni ziliishambulia Elysia ya Uingereza katika maji ya kusini mwa Afrika, na mwezi Julai ziliiteka Hauraki ya New Zealand. Kwa hiyo, meli hizi mbili zilipoiona Ondina mwezi Novemba, zilikuwa na uzoefu wa kuona windo likisalimu amri. Nadhani uzoefu huo ulichangia kuzileta karibu mno.

Waingereza na washirika wao, kwa upande wao, hawakuwa na manowari za kutosha. Nyingi zilihitajika Atlantiki na Mediterania, na zile za Kilindini zilikuwa na Madagaska ya kushughulikia pamoja na misafara ya askari na silaha kuelekea Misri. Meli za kufagia mabomu zikageuzwa kuwa za kila kazi: leo zinafagia mlango wa bandari, kesho zinasindikiza, keshokutwa zinaokoa watu majini. Hatari ya mabomu yenyewe haikuwa imepungua, kwani tarehe 5 Mei 1942, siku ya kwanza ya uvamizi wa Diego Suarez, meli ndogo ya kivita ya Auricula iligonga bomu katika Ghuba ya Courrier na kupotea. Lakini bahari kuu nayo ilihitaji walinzi, na aliyepatikana ndiye aliyetumwa.

Tukirudi kwenye mchana ule, uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Wilson. Alipotambua kwamba meli zile ni za adui, aliiamuru Ondina ijiondoe, kisha akaigeuza Bengal na kuielekeza moja kwa moja kwa meli ya Kijapani iliyokuwa mbele, Hokoku Maru. Uamuzi huu umesifiwa kwa ushujaa wake, na kwa haki. Lakini ulikuwa pia uamuzi wenye akili ya kivita. Mzinga wa milimita 76 ukiwa mbali hauna maana yoyote. Makombora yake madogo hutawanyika na hayawezi kudhuru chochote cha maana. Mizinga mikubwa ya Kijapani, kinyume chake, ingeweza kuipasua Bengal ikiwa mbali kabisa. Kila dakika iliyotumika kusogea karibu ilipunguza faida ya adui na kuongeza faida ya Bengal, na meli ndogo inayokuja uso kwa uso, ikionyesha omo peke yake, ni shabaha nyembamba mno. Tena, nahodha wa meli kubwa anayemwona mdogo anamjia hulazimika kuamua kama apige huyu au amfuate yule anayekimbia. Wajapani walichagua kumpiga huyu kwanza.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Willem Horsman, nahodha wa Ondina, naye hakutii amri aliyopewa. Meli yake ilikuwa ya mwendo wa maili 12 hivi za baharini kwa saa. Hesabu ilikuwa rahisi: adui mwenye mwendo wa zaidi ya maili 20 angemkaribia kwa maili nane au tisa kila saa, na jua lilikuwa bado utosini, na usiku wa kujifichia ulikuwa mbali. Kukimbia kungemaanisha Bengal ipigwe peke yake kwanza, na baadaye Ondina ipigwe peke yake. Akaamua kubaki karibu na kupigana, kwa sababu alikuwa na kitu ambacho Bengal haikuwa nacho, yaani mzinga wa milimita 102 uliofungwa shetri, wenye kombora la kilo 14. Makombora yote yaliyokuwamo yalikuwa 32. Waliouhudumia mzinga huo walikuwa watu mchanganyiko, Waingereza, Waholanzi na Mwaustralia, katika meli ambayo maofisa wake walikuwa Waholanzi na mabaharia wengi Wachina.

Mimi nauona uamuzi huu wa Horsman kuwa nguzo ya kisa kizima. Laiti angetii, Hokoku Maru ingekuwa na shabaha moja tu na ingekuwa na uhuru wa kuchagua umbali. Kwa kubaki, aliwalazimisha Wajapani kugawanya macho yao, na aliweka vitani mzinga pekee wa upande wake ambao ungeweza kuiumiza vibaya meli ya tani 10,000. Ni kweli pia kwamba alihatarisha roho za watu wake bila kuwauliza, na yeye mwenyewe hakuishi kuyaona matokeo.

Umbali ulipopungua hadi kilomita chache, mapigano yakaanza kwa pande zote. Fikiria kidogo hali ya sitaha ya mbele ya Bengal wakati ule. Mzinga unapigwa, unarudi nyuma, ganda tupu linadondoka na kuviringika likiwa moto. Mtu mmoja analisukuma kwa mguu ili lisiwakwaze wenzake, mwingine anaingiza kombora jipya, na wote wanaona waziwazi miale ya mizinga ya adui kabla ya kusikia sauti yake. Maji yaliyorushwa na makombora ya milimita 140 yalipanda kwa nguzo kando ya meli na kuwamwagikia. Bengal ilipigwa, moto ukazuka ndani yake, lakini hakuna hata mtu mmoja aliyeuawa. Kwa meli isiyo na deraya, yaani bamba nene za chuma za kuikinga, hilo ni jambo ambalo siwezi kulieleza kwa ufundi peke yake; bahati ilikuwa upande wao.

Kisha kombora moja likaipata Hokoku Maru kwenye mitambo yake ya kurushia topido, upande wa kulia. Mlipuko uliofuata ulipasua meli, moto ukaenea, na haikuwezekana kuuzima. Hokoku Maru iliyokuwa ikiwinda ikageuka tanuri, na baadaye ikazama. Kati ya watu 354 waliokuwamo, 76 walifariki, nahodha wao akiwa miongoni mwao.

Ni nani aliyelipiga kombora lile? Bengal ilidai ni lake, na taarifa za mwanzo zilizowafikia watu zilimpa Wilson na watu wake sifa hiyo. Waliokuwa Ondina nao walidai, na wachambuzi wengi wa baadaye wameegemea upande wao. Nami naegemea huko, kwa sababu kombora lao lilikuwa na uzito zaidi ya mara mbili ya lile la Bengal. Hata hivyo, sababu hii haimalizi ubishi, kwani topido zilizopangwa wazi kwenye sitaha ya meli isiyo na deraya hazihitaji pigo kubwa ili zilipuke, na kombora la kilo 6 likitua mahali pabaya linaweza kuwasha moto uleule. Meli ya abiria hata ikipakwa rangi ya kivita hubaki meli ya abiria: ubavu wake ni mwembamba, na mafuta, baruti na topido zote zimewekwa mahali ambapo mjenzi wake hakukusudia viwekwe. Udhaifu huo ndio uliowaua watu wa Hokoku Maru. Kilichohitajika ilikuwa mtu wa kufika karibu na kulenga, na watu wa namna hiyo walikuwapo katika meli zote mbili.

Aikoku Maru sasa ikaingia kikamilifu. Bengal ilijaribu kuikabili, lakini makombora yake yalikuwa yanakwisha na ilikuwa imekwisha kupigwa. Wilson akaona Ondina nayo inapigwa. Akatandaza moshi, akajitenga na mapigano na kuondoka.

Hapa ndipo lawama ilipoanzia, hasa kwa upande wa Waholanzi, ambao kwao msindikizaji alikuwa amemwacha aliyekabidhiwa. Nimelifikiria jambo hili kwa muda, na sioni jinsi ninavyoweza kumhukumu Wilson kwa kuondoka. Msindikizaji asiye na makombora hamlindi mtu. Anaongeza tu idadi ya watu watakaokufa. Kazi yake ya kuchukua mapigo ya kwanza na kuvuruga shambulio alikuwa ameifanya kwa ukamilifu, na mmoja wa adui wawili alikuwa anaungua mbele ya macho yake. Swali gumu zaidi ni kwa nini hakurudi baadaye kutafuta watu waliookoka, jioni au siku iliyofuata. Lakini Aikoku Maru ilikuwa bado mahali pale, ikiwa nzima, na nahodha mwenye meli iliyopigwa na mzinga usio na makombora ana sababu ya kuogopa kurudi.

Wakati Bengal ikitoweka nyuma ya moshi, Ondina ilikuwa inapitia saa yake mbaya kuliko zote. Wapiga mzinga wake walimgeukia Aikoku Maru na kuendelea mpaka makombora yakawaishia. Baada ya hapo Horsman aliamuru injini zisimamishwe na watu washuke kwenye mashua. Kabla yeye mwenyewe hajashuka, kombora lilipiga kwenye daraja la nahodha na kumuua. Aikoku Maru ikasogea karibu na kuipiga Ondina topido mbili ubavuni. Meli ikalala upande, lakini haikuzama, kwa sababu ilikuwa inasafiri bila shehena. Matangi ya meli ya mafuta ni vyumba vingi vilivyotenganishwa kwa kuta za chuma. Yakiwa matupu na yamefungwa, hewa iliyomo ndani huishikilia meli hata baadhi ya vyumba vikijaa maji. Ingekuwa imepakia petroli siku hiyo, leo tusingekuwa na la kuchambua.

Kisha Wajapani waliwafyatulia risasi za bombomu watu waliokuwa ndani ya mashua, na baadhi yao wakauawa. Watu hawa walikuwa wamekwisha kuacha meli, hawakuwa na silaha, na wengine walikuwa wamejeruhiwa. Hakuna hesabu ya kivita inayohalalisha tendo hilo. Baada ya hapo Aikoku Maru iligeuka kwenda kuokota wenzao wa Hokoku Maru waliokuwa majini, ikatupa topido moja ya mwisho kwa Ondina, ikakosa, ikaondoka. Kwa macho ya ofisa wake, meli iliyolala upande namna ile ilikuwa imekwisha.

Waliobaki katika mashua walikaa wakiitazama meli yao. Ofisa wa kwanza, Maarten Rehwinkel, alichukua uongozi, na baada ya kusitasita, kwa kuwa wengi waliogopa kwamba itapinduka au kwamba adui atarudi, wakaipanda tena. Wakazima moto, wakaisimamisha meli kwa kujaza maji kwenye matangi ya upande wa pili, wakawasha injini, na kuanza safari ya kurudi Fremantle wakiwa na majeruhi waliohitaji daktari haraka. Mtu aliyewahi kufanya kazi chini ya sitaha ya meli ataelewa maana ya kushuka tena kwenye chumba cha injini cha meli iliyotobolewa ubavuni, giza limetanda na maji yanasikika upande wa pili wa ukuta.

Ofisa wa redio alituma ujumbe wa kuomba msaada wa tiba. Lakini vitabu vya siri vilikuwa vimetupwa baharini wakati meli inaachwa, kama kanuni inavyotaka, kwa hiyo ujumbe ulikwenda kwa lugha ya wazi. Waliousikia walishuku kwamba ni mtego wa Wajapani, kwa sababu Bengal ilikuwa imekwisha kutoa taarifa kwamba Ondina imezama. Hapa ndipo ninapoona kosa la upande wa Bengal. Kusema kwamba Ondina iliachwa ikiwa katika hali mbaya, hatima yake haijulikani, kungekuwa ukweli mtupu. Kuihesabu kuwa imezama kulikuwa kwenda mbali zaidi ya kile ambacho macho yaliona nyuma ya moshi. Tofauti ya maneno hayo mawili inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa majeruhi aliyelazwa kwenye sitaha ni siku nzima, au siku kadhaa, bila msaada. Bengal ilifika Diego Garcia tarehe 17 Novemba ikiwa na imani hiyo. Ondina iliingia Fremantle tarehe 18 Novemba.

Matokeo mapana ya siku ile yalikuwa makubwa kuliko ukubwa wa meli zilizohusika. Wajapani walipoteza meli waliyoitegemea, na baada ya hapo hawakuendelea na mtindo wa kutuma meli za abiria zilizotiwa mizinga kuwinda katika Bahari ya Hindi. Nyambizi zao ziliendelea kuua, na meli za msafara kutoka Kilindini ziliendelea kuzihofia, lakini hatari ya meli kubwa inayojifanya ya biashara mpaka inapofunua mizinga yake ilipungua sana kwa upande wao.

Siku 20 tu baada ya mapigano hayo, tarehe 1 Desemba 1942, meli nyingine ya aina ileile, Armidale ya Australia, ilishambuliwa na ndege za Kijapani karibu na Timor na kuzama, ikapoteza watu 100 kati ya 149 waliokuwamo. Naitaja kwa sababu wapo waliotumia kisa cha Bengal kuonyesha kwamba meli ndogo zilitosha kwa kazi ya kusindikiza. Armidale inajibu hoja hiyo. Meli ile ile, injini zile zile, na mabaharia wenye moyo ule ule. Kilichotofautiana ni kwamba hapakuwa na topido zilizo wazi kwenye sitaha ya adui, wala meli rafiki yenye mzinga wa kusaidia, na mashambulizi yalitoka angani.

Wilson alitunukiwa nishani ya Distinguished Service Order, na baadhi ya mabaharia wake wa Kihindi nao wakatunukiwa. Horsman alipewa, baada ya kufa, Nishani ya Kijeshi ya Willem, heshima ya juu kabisa ya kijeshi ya Uholanzi, mwaka 1948. Bengal ilimaliza vita, ikaingia katika jeshi la wanamaji la India huru, na ikavunjwa vyuma mwaka 1960.